Kumsaidia mchezaji kulala baada ya mtikisiko wa ubongo

Mchezaji aliyegongwa kichwa kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, hapa Kigoma, apimwe kwanza. Akitapika mara kwa mara, akipata degedege, maumivu ya kichwa yakizidi au akawa haamshiki, akimbizwe Hospitali ya Maweni usiku huohuo.

Wapo wanaoamini kwamba aliyegongwa kichwa asiachwe alale hata kidogo. Akishapimwa na daktari akaridhika, mwacheni alale, kwa kuwa ubongo unahitaji usingizi ili upone.

Siku 2 za mwanzo apumzike bila kujifungia gizani: atembee taratibu, apunguze sana simu na televisheni. Kulala mchana siku hizo hakuna ubaya, lakini baadaye asizidishe nusu saa wala asilale alasiri, maana usingizi huo ndio unaoharibu wa usiku. Saa ya kuamka iwe ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya; hili naliona muhimu kuliko yote. Aliyezoea kahawa ya jioni barazani Ujiji aiache kuanzia adhuhuri, kwa sababu hukaa mwilini saa nyingi. Pombe asiguse, wala asimeze dawa za usingizi bila idhini ya daktari.

Usingizi ukiendelea kumsumbua zaidi ya wiki 2, au akianza kukata tamaa na kujitenga na wenzake, arudi hospitalini. Kocha naye, hata mechi iwe kubwa namna gani, asimpange mchezaji huyo kabla daktari hajamruhusu.