Kibanda cha pikapu cha kulala kwenye theluji: kukijenga na kuishi humo bila kulowana

Nianze na maji, maana kila anayeniuliza kuhusu hiki kibanda, boksi la kulala tunalobeba nyuma ya pikapu, anaanza na baridi. Baridi ina dawa, unavaa, unajifunika, unawasha hita. Maji ndo yalitutoa Silverton, mji wa milima ya San Juan kule Colorado, usiku wa pili, msimu wetu wa kwanza, mimi na shemeji tumelala ndani ya boksi la plaiwudi nililolijenga kwa mikono yangu, tukaamka saa nane usiku mablanketi yamelowa, dari inatudondoshea matone usoni na kila kichwa cha skrubu ukutani kimeota sakitu nyeupe kama mtu kapita na unga. Mimi nimekulia Makete, sakitu naijua vizuri, mwezi wa sita na wa saba ukitoka asubuhi nyasi zote nyeupe, ila sikuwahi kuiona ikiota ndani ya nyumba niliyolala.

Kwa wasiojua tunachokifanya: tunaishi Aurora, Colorado, na wikiendi za theluji tunaenda kwenye milima isiyo na lifti. Unabandika ngozi chini ya skii (siku hizi ni za nailoni au manyoya ya mbuzi, zinateleza mbele lakini hazirudi nyuma), unapanda kwa miguu masaa mawili matatu, unazibandua, unashuka. Inabidi uanze alfajiri, na kutoka Aurora mpaka milima ya San Juan ni masaa sita hadi saba ya kuendesha, kwa hiyo ama ulipe hoteli kila safari ama ulale kwenye gari. Ndo kibanda kikazaliwa.

Kabla hujanunua ubao hata mmoja fungua mlango wa dereva usome stika iliyobandikwa kwenye fremu, imeandikwa gari linaruhusiwa kubeba uzito gani, watu na mizigo kwa pamoja. Yangu inasema kilo 680 hivi. Inaonekana nyingi mpaka uanze kutoa: watu wawili na nguo zao nzito 180, maji lita 20, betri, dizeli, chakula, skii, buti, majembe, minyororo ya tairi. Kibanda cha kwanza nilitumia plaiwudi nene ya nusu inchi, karatasi moja ya futi nne kwa nane ina kilo 18 na zaidi, na nilitumia karatasi nyingi. Gari likainama nyuma, kwenye barafu taa zinamulika mawinguni na tairi za mbele hazishiki vizuri. Nikakivunja chote mwezi wa tano nikaanza upya.

Cha pili kuta zake ni bodi za foamu ngumu, zile za pinki au bluu zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, unene sentimita tano, na fremu ya mbao nyembamba kwenye kona tu na kuzunguka mlango. Nje unabandika turubai la pamba kwa gundi ya mbao isiyoogopa maji, unaichanganya na maji kidogo iwe kama uji mwepesi, unapaka, unavuta turubai lisiwe na mikunjo, unapaka tena juu, likikauka unapiga rangi ya maji ya nje ya nyumba mikono mitatu au minne. Inakuwa ngumu kama ngoma. Angalia sana usitumie gundi yenye harufu ya petroli wala rangi ya kupuliza moja kwa moja kwenye foamu, inaila, nimeshapoteza bodi nzima hivo. Kibanda chote kikatoka na kilo 160.

Sasa hapo kwenye skrubu ndo pa kusimama kidogo. Chuma chochote kinachotoboa ukuta kutoka nje mpaka ndani kinaleta baridi ya nje ndani, na unyevu wa pumzi ukigusa sehemu ya baridi unageuka maji, ikizidi unaganda. Kwa hiyo ukuta wangu wa pili hauna skrubu hata moja inayopenya, vyote ni gundi, na pale ilipobidi kuweka bolti (nne tu, za kufungia kibanda kwenye bodi ya gari) upande wa ndani nimezifunika na vipande vya foamu. Fremu ya dirisha la alumini ni tatizo hilohilo, ndo maana nina dirisha moja dogo la plastiki ya safu mbili. Ukitaka kujua kama umefanikiwa, asubuhi pitisha kiganja ukutani kabla hujawasha kitu. Ukuta mzuri ni mkavu. Mahali panapoteleza ndipo pana kazi.

Lakini hata ukuta uwe mzuri vipi, maji lazima yatoke. Watu wawili usiku mmoja wanaweza kutoa nusu lita kwa pumzi na jasho tu. Ukipika kwa gesi unaongeza, maana kila kilo ya propani ikiungua inatoa kama kilo 1.6 za maji, yaani kile kimtungi kidogo cha gramu 450 kikiisha ndani ya kibanda kimekumwagia karibu robo tatu ya lita, na bado hujahesabu mvuke wa sufuria. Kwa hiyo weka tundu la hewa chini karibu na mlango, na feni ndogo juu ya dari, na uviache wazi usiku kucha hata kama nje ni hasi 20. Shemeji aligoma kabisa mwanzoni, akasema tunachoma dizeli kupasha hewa halafu tunaifungulia itoke. Ndiyo, tunaifungulia itoke, inatoka na maji. Hewa ya nje ya milimani kwenye baridi ile ni kavu sana, ikiingia ikapashwa inafyonza unyevu wote ulioko kwenye nguo.

Joto letu linatoka kwenye hita ndogo ya dizeli. Yenyewe inachomea moto ndani ya chemba iliyofungwa, inavuta hewa kutoka nje na moshi unatoka nje kwa bomba lake, kinachoingia ndani ni hewa kavu ya moto. Shida yake ni mwinuko. Silverton yenyewe iko mita 2,840 hivi, na Red Mountain Pass, pale barabara inapovuka mlima, inafika mita 3,358, hewa ni nyepesi, pampu inaleta mafuta yaleyale, kwa hiyo moto unakosa oksijeni na chemba inajaa masizi mpaka hita inazima yenyewe usiku wa manane. Aliyeniuzia hakunieleza hilo hata kidogo. Nunua ile unayoweza kupunguza mafuta kulingana na mwinuko, usiiache ikiungua kwa moto mdogo usiku mzima, na kila asubuhi ipandishe mpaka mwisho dakika 20 kabla ya kuizima isafishe masizi. Dizeli ya kiangazi kwenye baridi kali inaganda kama mafuta ya ng'ombe, tumia ya msimu wa baridi au mafuta ya taa.

Na tafadhali, kengele ya kaboni monoksidi ni lazima, ifunge karibu na mnapoweka vichwa, na ujaribu kitufe chake kila safari. Kwetu kila msimu wa baridi tunasikia familia imeingiza jiko la mkaa chumbani ikafunga madirisha na asubuhi hawakuamka. Hewa ni hiyohiyo, haina harufu. Theluji ikishuka sana usiku inaweza kufukia bomba la moshi la hita, kwa hiyo mmoja anaamka, anavaa, anatoka kufukua. Sisi tunapokezana, na jembe linalala ndani na sisi, haliachwi nje. Halafu mlango ufungukie ndani. Theluji ikijaa nje na mlango unasukumwa kwenda nje, mmefungiwa.

Kwenye umeme sina mengi. Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4, amp-saa 100 (Ah), inatutosha usiku mbili hadi tatu kwa hita, feni na taa. Isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi sifuri, inaharibika moja kwa moja, kwa hiyo inakaa ndani chini ya kitanda. Paneli ya sola usiitegemee, jua la Desemba liko chini na paneli inafunikwa, sisi tunachaji kwa injini tukiwa njiani.

Vitu vya skii sasa. Mkirudi, kabla hata ya chai, toa soksi nene ya ndani ya buti, ile inayochomoka, maana ikiganda ndani ya ganda la plastiki asubuhi mguu hauingii. Nimetengeneza bomba mbili zinazotoka kwenye hita na kuingia kwenye soksi hizo taratibu, joto la kuvumilika kwa mkono, likizidi zinabadilika umbo. Ngozi za kupandia zinatundikwa darini mbali na hita, kwa sababu gundi yake ikipata moto inabaki kwenye skii, ikilowa haishiki. Asubuhi unaziweka kifuani ndani ya koti dakika kumi zishike vizuri. Theluji yote ipigwe brashi nje ya mlango, kila punje unayoingiza ndani ni maji unayoyatafutia tena njia ya kutoka.

Chakula tunapikia nyumbani. Kwa mwinuko ule maji yanachemka kwenye nyuzi 89 hivi, maharage utayasubiri mpaka gesi iishe, kwa hiyo nayachemsha Aurora, nayagandisha kwenye mifuko, na njiani hayayeyuki. Kule kazi ni kupasha tu, sufuria ikiwa na mfuniko na feni imepandishwa. Ugali tunausonga mlangoni mlango ukiwa wazi, maana mvuke wake ni mwingi kweli, lakini siuachi, mtu aliyepanda masaa matatu anataka ugali. Chupa za maji zilaze kichwa chini, barafu inaanzia juu, ukizigeuza asubuhi mdomo uko wazi.

Kuegesha: vibao vya mwanzo wa njia vingi vinakataza kulala, visome, na usizibe njia ya magari ya kusukuma theluji. Kama juu yako kuna mkondo usio na miti, theluji inapitaga hapo, usilale chini yake hata usiku mmoja. Barabara ya US 550 kati ya Ouray na Silverton sehemu nyingi haina kingo, na huwa inafungwa wakati wa kuangusha theluji kwa makusudi, kwa hiyo beba chakula cha siku mbili zaidi. Breki ya mkono usiivute gari likiwa limelowa, inaganda, acha kwenye gia. Kwa barabara kuu ya I-70, upande wa milimani, kuanzia Septemba mpaka Mei sheria inataka tairi zenye kashata nzuri za theluji au minyororo iwe garini.

Na poromoko la theluji. Hili nalisema kwa uzito wote, kibanda kizuri kinakufikisha mlangoni mwa mlima ambao unaua watu kila msimu. San Juan theluji ya mwanzo wa msimu inakuwa nyembamba, usiku ni baridi na mbingu wazi, ile ya chini inageuka punje punje kama sukari, haishikani, halafu inakuja nzito juu yake inakaa hapo miezi inasubiri mtu aikanyage. Kila mmoja awe na bikoni (kifaa cha redio cha kumtafutia aliyefukiwa) imewashwa mwilini, fimbo ndefu ya kuchoma theluji kumtafuta, na jembe, na mfanye mazoezi ya kutafutana, maana aliyefukiwa ana dakika 10 hadi 15 na msaada wa mjini hauwezi kufika. Taarifa ya Colorado Avalanche Information Center, kituo cha jimbo kinachotabiri hatari ya maporomoko, tunaisoma jioni tukiwa bado na mtandao, tunaihifadhi kwenye simu, tunaisoma tena kwa sauti wakati wa chai. Kuanzia Desemba mpaka Februari sisi hatugusi mteremko wa nyuzi 30 na kuendelea, wala hatupiti chini yake. Miteremko mikali tunaiacha mpaka Aprili au Mei theluji ikishashikamana na usiku inaganda, na hata hapo saa tano asubuhi tumeshashuka.

Mkirudi nyumbani usiegeshe tu ukaingia kulala. Fungua mlango na feni, nyanyua godoro lisimame kwa ubavu, pitisha mkono kwenye ubao wa chini yake. Sisi tuliweka vipande vyembamba vya mbao kama kichanja ili hewa ipite chini ya godoro, na bado kuna kona moja, ile ya upande wa miguu ya shemeji, ambayo kila safari naikuta na unyevu. Nimeshakata foamu ya kuiongezea, nitaibandika Jumamosi.