Somo: Namna ya kuchunguza jeti katika migongano ya protoni

Protoni mbili zinapogongana kwa nishati kubwa, kama ile ya TeV 13.6 (TeV ni kipimo cha nishati, sawa na GeV 1,000) iliyofikiwa mwaka 2022 katika LHC, mtambo wa kugonganisha chembe wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, chembe ndogo ziitwazo kwaki na gluoni zilizomo ndani yake hutawanyika, lakini haziwezi kubaki pekee. Huzaa hadroni nyingi, yaani chembe zilizoundwa na kwaki, zinazosafiri kwa pamoja, na kundi hilo huitwa jeti. Kigunduzi hakipimi jeti moja kwa moja, bali njia za chembe zenye chaji na nishati iliyoachwa kwenye kalorimita, sehemu inayopima nishati ya chembe. Ni sisi tunaoamua zipi zihesabiwe pamoja, na uamuzi huo lazima utajwe kabla ya tokeo lolote.

Hatua ya 1. Pata data, zile za CMS, kimojawapo cha vigunduzi vya LHC, zilianza kufunguliwa kwa umma mwaka 2014.

Hatua ya 2. Chagua kanuni ya kukusanya, na hapa usiharakishe. Iliyoenea zaidi ni anti-kt, iliyochapishwa mwaka 2008 na Cacciari, Salam na Soyez. Kwa kila jozi, chukua mraba wa umbali wa pembe kati ya chembe hizo, ugawe kwa mraba wa R, nusukipenyo cha jeti tunachokichagua wenyewe, kisha ugawe kwa mraba wa momenta mkingamo (momenta inayopimwa kukingama na mwelekeo wa protoni) ya chembe iliyo na nguvu zaidi. Jozi yenye jibu dogo kuliko zote huunganishwa kwanza. Tuseme R ni 0.4 na umbali ni 0.2: chembe ya GeV 100 na jirani yake wa GeV 1 hupata 0.000025, ilhali chembe mbili za GeV 1 hupata 0.25. Ndiyo maana chembe dhaifu hujiunga na ile yenye nguvu kabla ya kuungana zenyewe kwa zenyewe.

Hatua ya 3. Ondoa nishati ya migongano mingine iliyotokea wakati uleule, kisha rekebisha kipimo kwa matukio ambamo jeti imetoka mkabala na fotoni, yaani chembe ya mwanga, kwa kuwa fotoni hupimwa kwa usahihi zaidi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kwa nini R isiwe 1.0 daima?
Jibu: Ndugu yangu, R kubwa huzoa nishati isiyohusika, na ndogo mno huacha nje iliyo halali. ATLAS, kigunduzi kingine cha LHC, hutumia 1.0 pale chembe nzito yenye momenta kubwa inapovunjika na mazao yake yote kuangukia eneo moja.

Swali: Naweza kujua kama jeti imetokana na gluoni?
Jibu: Kwa jeti moja, si kwa yakini. Kwa wastani jeti za gluoni ni pana zaidi na zina chembe nyingi zaidi, hivyo linganisha jeti nyingi zenye momenta inayokaribiana.