Jinsi ya kununua nyumba Tabora mjini na kuhamisha hati iwe kwa jina lako

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kupata nyumba anayoipenda, kwenye kiwanja kilichopimwa, katika mtaa uliotulia wa Manispaa ya Tabora, tuseme Cheyo, Ipuli au Kiloleni, na sasa muuzaji anataka hela yake. Wengi huishia kwenye mkataba uliosainiwa ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa, wakapokea funguo, wakahamia. Wanakaa miaka bila hofu, mpaka siku muuzaji anapofariki au benki inapobisha hodi.

Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya kumiliki kwa muda ulioandikwa kwenye hati, na haki hiyo inakuwa yako pale jina lako linapoingia kwenye daftari la Msajili wa Hati. Kabla ya hapo, daftari linamtambua muuzaji, hata kama wewe ndiye unayefagia uwanja kila asubuhi.

Kabla ya kuongea bei

Nenda kwenye nyumba hiyo asubuhi ya siku ya kazi, kisha urudi Jumamosi usiku. Mtaa unaouona umelala saa nne asubuhi huenda una ukumbi wa sherehe nyuma ya ukuta. Mvua za Tabora huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Ukiweza, ione nyumba mvua zikiwa zimekolea, uangalie maji yanaelekea wapi. Ukienda kiangazi, waulize majirani. Jirani hana haja ya kukuuzia kitu, na mara nyingi atakueleza habari ambazo dalali hakuzigusa: ugomvi wa mpaka, mtoto wa marehemu aliyeko Dar es Salaam ambaye hajaridhia mauzo, mita ya maji iliyokatwa.

Halafu nenda Ofisi ya Ardhi ya Manispaa ukaombe kuuona mchoro wa mipango miji wa eneo hilo. Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, nami naiona ya thamani kubwa. Kile kiwanja kitupu chenye miembe mbele ya nyumba, ambacho ndicho kilichokuvutia, kwenye mchoro kinaweza kuwa kimetengwa kwa soko, shule au barabara. Utulivu wa leo hauna maana kama mchoro unasema kesho ni stendi. Angalia pia matumizi yaliyoandikwa kwa kiwanja chenyewe: makazi tu, au makazi na biashara. Kama ni mtaa wa makazi tu, jirani anayetaka kufungua baa lazima kwanza aombe kubadilisha matumizi ya ardhi yake, na wewe una nafasi ya kupeleka pingamizi.

Hapo hapo ulizia hifadhi za barabara na reli. Kwa barabara kuu na za mikoa zilizo chini ya TANROADS, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Tabora ni makutano ya njia za Kigoma na Mwanza, na ujenzi wa reli ya kisasa umepita mkoani humu, hivyo kwa nyumba zilizo karibu na njia ya treni usikubali jibu la "haitafika hapa" kutoka kwa mtu asiye na ramani mkononi. Mwombe mpima akuonyeshe bikoni za kiwanja, yaani alama za mipaka yake, na azilinganishe na ramani ya upimaji. Ukuta uliojengwa nje ya bikoni utakuja kukugombanisha na jirani, na aliyeujenga atakuwa ameshakwenda zake.

Upekuzi

Chukua nakala ya hati kwa muuzaji, uipeleke Ofisi ya Ardhi ya Mkoa, aliko Msajili Msaidizi wa Hati, uombe upekuzi rasmi. Utajaza ombi, utapewa kontroo namba, utalipa benki au kwa simu, kisha utapata majibu kwa maandishi. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki, muda wa hati, na kama kuna rehani ya benki, zuio lililowekwa na mtu mwingine au amri ya mahakama.

Usiridhike na upekuzi alioufanya muuzaji mwenyewe mwaka jana. Fanya wako, sasa hivi, kabla ya shilingi yoyote kutoka mfukoni. Soma na tarehe. Hati za makazi hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1995 inaisha 2028, na hilo ni jambo la kuzungumza kwenye bei. Kama muuzaji ana "ofa" peke yake, yaani barua ya toleo, basi hana hati. Amalize kwanza kumilikishwa ndipo muendelee.

Nani ana haki ya kuuza

Hapa nitakaa kidogo, maana kesi nyingi zinaanzia hapa.

Kama muuzaji ana mke au mume, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo iwe ya maandishi, mbele ya wakili, na mwenye kuitoa awepo mwenyewe. Mume mwenye wake wawili au watatu aseme wazi nyumba hii anaishi mama yupi, na ridhaa za wake wote zipatikane, hata kama mzee anasema "hao wengine hawahusiki". Asiye na ndoa atoe hati ya kiapo inayosema hivyo.

Kama mmiliki amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama mtoto mkubwa ndiye anayekaa na hati na ukoo wote unamtambua. Kwa Mahakama ya Mwanzo, uthibitisho wa uteuzi huo ni Fomu Na. 4. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni mwanzo wa safari ya mirathi. Haumpi mtu mamlaka ya kuuza. Msimamizi naye anatakiwa aandikishwe kwanza kwenye hati kwa nafasi hiyo, ndipo aihamishe kwako. Waombe warithi wote wasaini kuridhia mauzo. Utaonekana msumbufu, lakini utalala.

Mkataba na malipo

Mkataba uandikwe na wakili. Viongozi wa mtaa ni mashahidi wazuri, kwa kuwa wanamfahamu muuzaji na wanawajua majirani, ila mhuri wao hauhamishi hati. Wapo watakaokudai asilimia kumi ya bei kama haki ya mtaa. Sheria ya Ardhi haina kifungu kinachomtaka mnunuzi alipe hivyo. Malipo yoyote ya serikali yana kontroo namba na stakabadhi. Uliza vyote viwili kwa upole, mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo.

Andikeni namba ya kiwanja, kitalu na namba ya hati kama zilivyo kwenye upekuzi. Andikeni nani analipa kodi ipi. Lipa kwa benki, na ubakize sehemu ya bei mpaka uhamisho ukamilike. Muuzaji mkweli atakubali.

Msiandike bei pungufu ili kukwepa kodi. Thamani itaangaliwa na mthamini, si mkataba wenu peke yake. Na siku utakapouza wewe, gharama yako ya ununuzi itahesabiwa ndogo, hivyo faida yako itaonekana kubwa na kodi itakuangukia wewe.

Maombi ya uhamisho

Sasa mnaingia kwenye maombi yenyewe. Mnahitaji ripoti ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, hati halisi, mkataba, ridhaa ya mwenza, vitambulisho vya NIDA na picha za pasipoti za pande zote mbili, namba za TIN, na stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi iliyolipwa mpaka mwaka huu. Kodi ya pango ikiwa na deni la miaka, deni hilo liko juu ya kiwanja, kwa hiyo lilipwe kabla.

Fomu ni tatu, na wakili anazo: Fomu ya Ardhi Na. 29 ya kutoa taarifa ya uhamisho, Na. 30 ya kuomba kibali, na Na. 35 ambayo ndiyo hati ya uhamisho yenyewe. Zikisainiwa mbele ya wakili, zinapelekwa ofisi ya ardhi kwa ajili ya kibali cha Kamishna wa Ardhi.

Upande wa TRA kuna mambo mawili. Kodi ya ongezeko la mtaji inamhusu muuzaji: kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida aliyoipata. Muuzaji aliyeimiliki nyumba na kuishi humo miaka mitatu au zaidi aulizie msamaha wa nyumba ya kuishi, una ukomo wake wa faida. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani ya nyumba, kwa kawaida analipa mnunuzi, na ulipwe ndani ya siku 30 tangu kusaini. Bila uthibitisho wa kodi hizi Msajili hatapokea jalada.

Jalada likikamilika linakwenda kwa Msajili kwa kontroo namba nyingine. Andika namba ya jalada kwenye daftari lako na ufuatilie mwenyewe, usimwachie dalali. Hati ikitoka, isome ukiwa bado umesimama kaunta: herufi za jina lako zifanane na NIDA, namba ya kiwanja, kitalu, muda. Kosa la herufi moja likirekebishwa siku hiyo ni dakika chache. Ukiligundua benki wakati wa kuomba mkopo, unaanza kula viapo.

Baada ya hati

Nenda TANESCO na TUWASA, mamlaka ya maji ya Tabora, ubadilishe majina ya mita, ukiwa na nakala ya hati. Nunua umeme kidogo kwa mita hiyo kwanza. Kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU tangu 2021, na risiti itakuonyesha kama muuzaji alikuachia malimbikizo. Kama yapo, yatoe kwenye ile sehemu ya bei uliyoibakiza. Kisha pita kwa mtendaji wa mtaa na kwa balozi wako, uandikwe kwenye daftari la wakazi na upewe namba ya mlinzi wa zamu kama mtaa una ulinzi shirikishi.