Jinsi ya kuipima modeli ya mfumuko wa ulimwengu kwa kalamu na karatasi

Neno ni lile lile la mfumuko wa bei, ila hapa kinachofumuka ni anga lenyewe, katika sehemu ndogo mno ya sekunde ya kwanza. Modeli ni tele, na nyingi hufia kwenye nusu ukurasa wa hesabu. Tuchukue iliyo nyepesi kuliko zote, V = ½m²φ²: V ni nishati ya uga φ unaosukuma mfumuko, na m ni tungamo ya uga huo.

Anza na vipimo: tungamo ya Planck iliyopunguzwa (kiwango ambapo mvutano wa kikwanta huanza kuhesabika), 2.4×10¹⁸ GeV, iwe 1. Ukiweka ile kamili, 1.22×10¹⁹, bila kugusa kanuni, ε itakosewa kwa mara 25 hivi.

Tafuta ε = ½(V′/V)² na η = V″/V. V′ ni mteremko wa V. V″ ni jinsi mteremko huo unavyobadilika. Zote ziwe ndogo sana kuliko 1, la sivyo uga φ utaporomoka na mfumuko utakatika mapema. Kwa V yetu zote ni 2/φ², na mfumuko unakoma ε ikifika 1, yaani φ = √2.

Hapa ndipo wengi huteleza: wanapimia kwenye φ hiyo ya mwisho. Alama tunazoziona angani zilichorwa kabla, ukuaji wa mara 2.718 ukiwa bado utajirudia mara 50 hadi 60. Idadi hiyo ni N = (φ² − 2)/4. Kwa N = 60, φ² = 242, na ε = η = 0.0083.

Sasa n_s, inayoonyesha jinsi nguvu ya alama hizo inavyobadilika kulingana na ukubwa wake, ni 1 − 6ε + 2η = 0.967. Satelaiti ya Planck ilipata 0.965 ± 0.004, hapo imepita. Lakini r, uwiano wa mawimbi ya mvutano kwa tofauti za msongamano, ni 16ε = 0.13, na darubini za BICEP/Keck za Ncha ya Kusini mwaka 2021 ziliiweka r chini ya 0.036. Imeanguka. Usihangaike kuchezea m: imejifuta kwenye ε. N = 50 ndiyo mbaya zaidi, r inapanda hadi 0.16.

Hata bila darubini kuna kesi. φ imesafiri zaidi ya vipimo 14 vya Planck, na huko nyongeza ndogo za mvutano wa kikwanta hazizuiliki. Mfano: hata V iliyo karibu bapa, nyongeza ikiizidisha kwa (1 + cφ²), η huongezeka kwa takriban 2c pale φ ikiwa ndogo. c ikikaribia 1, η si ndogo tena, na mfumuko hukatika. Anayedai c ni sifuri aonyeshe ulinganifu unaoilinda.

Modeli nyingine, ya Starobinsky, hupita kwa r: 12/N², yaani 0.003 kwa N = 60. Ila nayo φ yake husafiri takriban vipimo 5, kwa hiyo swali la c linaihusu pia.