Namna ya kuwazoesha kuku wadogo banda jipya na uwanja wake

Kuku aliyekulia kwenye kitalu chenye taa au jiko la mkaa, tofauti na yule aliyelelewa na mama yake, hajafundishwa na yeyote mahali pa kulala, mahali pa kujificha wala la kufanya kivuli cha mwewe kinapopita. Siku anapohamishwa hupoteza kwa mkupuo joto alilolizoea, chombo cha maji alichokijua na ukuta aliokuwa akiuegemea. Mfugaji akiongeza juu ya hayo chakula kipya na chanjo katika wiki hiyohiyo, asishangae kuwaona wamezubaa na kushusha mabawa. Kwa hiyo maelezo haya, yanayowahusu hasa chotara kama Kuroiler na Sasso pamoja na kuku wa kienyeji waliototoleshwa kwa mashine, yamejengwa juu ya kanuni moja: badilisha jambo moja, subiri walizoee, ndipo uguse jingine.

Wakati wa kuhama huamuliwa na manyoya kuliko tarehe. Mpindue kuku, utazame shingo, mgongo na chini ya bawa. Ikiwa bado kuna manyoya laini ya kifaranga, hajawa tayari. Katika joto la Tanga au Dar es Salaam wengi huwa tayari wakiwa na wiki 5 hivi, lakini katika baridi ya Juni na Julai kule Njombe au Lushoto ni busara kusubiri wiki 7 au 8. Takriban wiki moja kabla ya kuhama, anza kuzima taa mchana, kisha usiku pia, ili wajifunze giza wakiwa bado mahali wanapopajua. Ukiweza, epuka kuwahamisha masika yakiwa yamepamba moto, kwa kuwa uwanja wenye matope ndio unaokuza vimelea vya kuhara damu.

Banda lipimwe kwa ukubwa watakaoufikia, si kwa udogo walio nao leo: mita moja ya mraba inatosha kuku watano au sita wakubwa. Kama liliwahi kukaliwa, ondoa matandiko yote ya zamani, fagia, safisha kwa dawa na uliache likauke kabisa, huku ukichunguza nyufa za mbao ambamo utitiri hujificha. Tandaza maranda makavu au pumba za mpunga kwa kina cha sentimita 5 hadi 10. Ikiwa vifaranga walikuwa na afya njema, chukua ndoo moja ya matandiko makavu ya kitalu uyachanganye humo, pamoja na kuhamisha vyombo vyao vilevile vya chakula na maji. Kuhusu wavu, ule wa matundu makubwa humzuia kuku asitoke lakini haumzuii nguchiro wala kicheche asiingie. Sehemu ya chini, angalau hadi kimo cha goti, iwe na matundu yasiyozidi nusu inchi, na ukingo wake ufukiwe ardhini. Mahali penye siafu, kagua mazingira ya banda kila jioni, kwa maana kuku waliofungiwa hawana pa kukimbilia.

Desturi ya kuhamisha kuku usiku ni nzuri kwa kuku wakubwa, lakini kwa wadogo naona asubuhi mapema inafaa zaidi. Wakiingizwa gizani katika nyumba ngeni hutafuta kona, hurundikana, na walio chini hukosa hewa wakafa bila kelele yoyote. Wakihamishwa alfajiri wanapata siku nzima ya kukizunguka chumba na kuonja maji. Wabebe katika tenga lenye hewa, si kwa miguu vichwa vikining'inia, kisha wachovye wawili watatu midomo kwenye maji, wenzao watafuata. Jioni ya kwanza ndiyo yenye kazi. Ziba kona za banda kwa vipande vya boksi vilivyokunjwa mviringo, acha taa hafifu ikiwaka, na urudi baada ya giza kuingia. Ukiwakuta wamebanana kwenye rundo moja, watawanye taratibu kwa mikono, na uende tena kabla hujalala. Fanya hivyo kwa usiku mitatu au minne, hata kama ule wa kwanza ulipita salama.

Wafungie ndani kwa siku 5 hadi 7 kabla ya kufungua mlango wa uwanjani. Siku ya kwanza ya kuwatoa, fungua saa moja tu kabla ya jua kuzama, na uwe umewapunguzia chakula cha mchana: njaa na giza vitawarudisha ndani bila kukimbizana. Gonga debe au sahani kila unapomimina chakula, nao watakujua kwa mlio huo. Ongeza muda wa kukaa nje siku hadi siku. Uwanjani weka kivuli cha makuti au matawi ambacho wanaweza kukimbilia chini yake mwewe au kunguru anapotokea, na kama watakula majani, waachie changarawe ndogo za kusagia chakula.

Fito za kulalia zianze chini, sentimita 30 kutoka sakafuni, ziwe nene kiasi cha kushikika vizuri na zisiwe na ncha kali. Wasipopanda wiki ya kwanza, waache.

Chakula cha kukuzia kiingizwe wakishatulia, kikichukua nafasi ya kile cha vifaranga robo kwa robo katika muda wa wiki moja. Chanjo ya mdondo (kideri) au ya ndui itolewe ama siku kadhaa kabla ya kuhama, ama baada ya kuzoea, kwa ratiba ya mtaalamu wa mifugo wa eneo lako. Kila asubuhi tazama kinyesi kabla hujafagia: chenye damu au rangi ya matofali, huku kuku amejikunyata na manyoya yamesimama, kinahitaji ushauri wa mtaalamu siku hiyohiyo, na matandiko yaliyolowa karibu na maji yaondolewe mara moja.

Kama una kuku wakubwa, usiwachanganye nao mapema. Watenganishe kwa wavu kwa wiki mbili au zaidi, waonane bila kugusana, na subiri wadogo wakaribie kimo cha wakubwa. Siku ya kuwaunganisha, weka vyombo vya chakula na maji sehemu tatu tofauti, ili tembe, yaani kuku jike mchanga, anayefukuzwa kwenye kimoja apate kula kwenye kingine, na mtenge mara moja yeyote anayedonolewa hadi kutoka damu.