Kumfundisha mwanafunzi wa kidato cha kwanza kutafiti maktabani

Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukuta maktaba ya sekondari imejaa vitabu vya Kiingereza, kwa hiyo mwache kwanza aandike swali lake kwa Kiswahili: kwa nini nyuki huhama mzinga? Kisha atafute katika kamusi Kiingereza cha nyuki, mzinga na maneno yanayokaribiana nayo, kwani huenda faharasa ikatumia neno jingine. Mpeleke kwenye rafu. Katika mpangilio wa Dewey, unaopanga vitabu vya maktaba kwa namba kulingana na mada, kilimo kiko 630 na ufugaji nyuki 638.1, na namba husomeka hata kwa asiyejua Kiingereza vizuri. Apitie yaliyomo, faharasa na maelezo ya picha kabla ya kusoma sura. Muhtasari auandike kwa maneno yake mwenyewe, hata kwa Kiswahili, akitaja mwandishi, mwaka na ukurasa. Kunakili aya asiyoielewa hakumfundishi chochote.