Hita plagi za pikapu kuukuu ya dizeli
Baridi hii ya Julai Nairobi, injini ya pikapu ya zamani ya dizeli ikizunguka asubuhi na kutoa moshi mweupe bila kuwaka, shuku hita plagi, yaani plagi zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha. Fungua kwanza ukanda wa chuma unaoziunganisha, la sivyo plagi moja nzima itaficha zilizokufa. Pima kila moja kwa mita ya ohmu, kutoka nchani hadi kwenye bodi ya injini: nzima husoma ohmu 1 hivi, isiyosoma kitu imekatika. Plagi iliyokufa ing'oe wakati injini ina joto, taratibu sana, maana ikikatikia kwenye silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini), huenda hedi yote ikashushwa. Soma volti zilizoandikwa ubavuni kabla ya kununua. Ya volti 6 ikipewa 12 mfululizo huungua. Etha, ile dawa ya kupulizia ya kuwashia injini, usipulizie kabisa! Ikikutana na plagi iliyoiva huweza kulipuka na kuvunja pistoni.